Ukiteguka Mguu Ugenini: Mwongozo kwa Msafiri wa Begi Anayelala Hosteli

Kila msimu wa safari unapokaribia naulizwa maswali yaleyale na vijana wanaojiandaa kwenda Ulaya na begi mgongoni kwa mara ya kwanza. Nikiumia nimpigie nani? Hospitali watanipokea kabla sijalipa? Nitalalaje chumba cha watu wanane nikiwa na magongo? Na viza ikiisha nikiwa bado kitandani? Nayajibu hapa yote pamoja, kwa mfano mmoja ninaoujua kwa mwili wangu mwenyewe: kuteguka mguu Lisbon, mji mkuu wa Ureno.

Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake za waenda kwa miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa viitwavyo calçada. Nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Niliteguka kwenye mteremko wa Alfama, mtaa wa kale wa mji huo, siku ya tatu ya safari ya wiki tano. Nikajikaza. Nikatembea hadi hosteli, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikakwea kitanda cha juu cha dabo deka, nikalala bila kumwambia mtu. Asubuhi mguu haukuingia kwenye kiatu. Kuteguka kwenyewe kulikuwa kwa kawaida. Kilichonilaza wiki mbili ni ule usiku wa kujikaza. Tumelelewa kutowasumbua wenyeji, na malezi hayo ni mazuri, lakini mguu uliovimba hauna muda wa kusubiri adabu zetu. Karibu kila hatua hapa chini inategemea jambo hilo moja: sema mapema.

Namba na majina ni ya Ureno. Mpangilio wenyewe utakufaa mji wowote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Bima ya safari uliyoisoma. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, haitoki bila bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kwa hiyo bima utakuwa nayo. Tatizo ni kwamba wengi huichapisha kwa ajili ya dirisha la viza tu, kisha hawaifungui tena. Tafuta mambo matatu ndani yake: namba ya simu ya dharura ya saa 24, kiasi utakacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na orodha ya mambo isiyoyagharimia. Kuumia ukiwa umelewa na kuendesha pikipiki bila leseni mara nyingi vimo humo. Kadi ya bima ya afya unayotumia nyumbani usiitegemee.
- Kadi ya benki inayolipa nje ya nchi, yenye akiba usiyoigusa. Kliniki binafsi mara nyingi hutaka malipo kwanza, bima irudishe baadaye.
- Picha ya pasipoti, viza na bima ndani ya simu, pamoja na nakala moja ya karatasi.
- Bandeji ya kuvutika, plasta, paracetamol, na dawa zako za kila siku ndani ya vifungashio vyake.
- Tarehe ya sindano yako ya mwisho ya pepopunda. Daktari atakuuliza ukiwa na kidonda, na kwenye mawe hayo ni rahisi kuchubuka.
- Karatasi yenye majina ya dawa zinazokudhuru na namba ya ndugu mmoja. Iweke nyuma ya simu, ndani ya kava.

Hatua kwa hatua

1. Kaa chini hapo hapo.
Usisimame kwa haraka kwa sababu watu wanakutazama. Jitazame kwanza. Piga 112 mara moja ukiona mguu umepinda, mfupa umetokeza, damu haikomi ukiibana, au vidole vimepoa na kufa ganzi. Fanya hivyo pia kama uligonga kichwa na ukazimia, unatapika au unapata usingizi usioeleweka. Namba hiyo ni ya bure katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na inapigika hata ukiwa huna salio. Taja mtaa kwanza, maumivu baadaye. Kama hujui ulipo, mpe simu mwenye duka la karibu.

2. Jipime kama mfupa umevunjika.
Madaktari hutumia kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, ili kuamua nani apigwe eksirei. Kwa namna ya kawaida unaweza kuifuata mwenyewe. Je, unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya yale mafundo mawili ya kifundo cha mguu, la ndani na la nje, ukipanda kama sentimita 6. Bonyeza pia kinundu cha mfupa kilicho katikati ya ubavu wa nje wa wayo, kisha mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde wa wayo. Kama hatua nne zimekushinda, au mojawapo ya sehemu hizo inauma mfupani ukiibonyeza, nenda ukapigwe eksirei leo. Kama yote hayapo, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana.

Usijipime ukiwa umekunywa pombe, au kama una kisukari kilichokupunguzia hisia za miguu. Majibu yatakudanganya.

3. Mwambie mtu wa mapokezi.
Fanya hivyo kabla hujapanda chumbani. Sema ulivyoumia, mwonyeshe mguu, kisha omba vitu vinne kwa mpigo: barafu kutoka jikoni, kitanda cha chini, sehemu ya kukaa na kuinua mguu, na namba ya daktari wanayempigia wao. Wafanyakazi wa hosteli wanaona wageni walioteguka mara kwa mara. Wanajua duka la dawa lililo wazi usiku na kliniki yenye foleni fupi. Mimi nilipopata ujasiri wa kushuka asubuhi, dada wa zamu aliniletea barafu kabla sijamaliza sentensi, akanihamishia kitanda cha chini mchana huo huo. Yote hayo ningeyapata usiku uliotangulia.

Mwombe pia akupigie SNS 24, huduma ya afya ya Ureno kwa simu, namba 808 24 24 24. Muuguzi atauliza maswali na kukuelekeza kama ulale tu au uende hospitali. Simu ya hosteli ni bora kuliko laini yako ya nyumbani.

4. Barafu, bandeji, mguu juu. Usichue!
Hapa ndipo tunapokosea wengi wetu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukipiga simu nyumbani utaambiwa ukande kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha utafute mtu akuchue kwa mafuta mpaka mshipa urudi mahali pake. Shangazi yangu aliniambia hivyo kwa mapenzi yote, na nilimtii. Ndani ya kifundo kilichoteguka kuna nyuzi zilizochanika na vijishipa vya damu vinavyovuja. Joto huipanua mishipa hiyo ivuje zaidi, na mikono inayochua huzidi kuchana. Kwa siku mbili hadi tatu za mwanzo acha kabisa maji ya moto, dawa za kuchua zinazochoma, pombe, na mtu yeyote anayetaka kuuvuta mguu. Shangazi mwambie asante, umesikia.

Badala yake:

- Funga barafu ndani ya taulo. Pakiti ya njegere zilizogandishwa inakaa vizuri zaidi, kwa kuwa inajipinda kufuata mguu. Weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu ukiwa macho. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza.
- Zungusha bandeji kuanzia karibu na vidole ukipanda juu ya kifundo, kisigino kikiwa ndani. Ikaze kiasi cha kupitisha vidole viwili. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, legeza. Usiku ivue.
- Lala mguu ukiwa juu kuliko moyo. Begi lako lijaze nguo, liwe mto.

Baada ya saa 48, kama si mfupa, anza kuuchezesha mguu taratibu. Andika herufi hewani kwa kidole gumba, A mpaka Z, mara tatu kwa siku. Mguu unaofungwa wiki nzima bila kusogezwa hukakamaa.

5. Nunua dawa kwa akili.
Duka la dawa lina alama ya msalaba wa kijani. Usiku tafuta farmácia de serviço, yaani lililo zamu. Majina yake hubandikwa mlangoni mwa maduka mengine. Paracetamol ndiyo ya kuanzia: gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Soma boksi! Nyumbani tumezoea vidonge vya miligramu 500, tunameza viwili. Ureno vipo vya gramu 1, na ukimeza viwili kwa mazoea umejipa dozi mbili.

Ibuprofen ni ya kunywa baada ya kula. Iache kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au ujauzito. Na kama ulibeba diclofenac kutoka nyumbani, chagua moja. Hazinywewi pamoja.

6. Ipigie simu bima kabla hujalipa chochote kikubwa.
Isipokuwa ni dharura ya 112, simu hii itangulie safari ya hospitali. Bima nyingi zina kliniki zinazozilipa moja kwa moja, na ukienda kwingine bila kuwaambia wanaweza kubishana nawe kuhusu malipo. Eleza tarehe, saa, mahali na namna ulivyoumia. Wakupe namba ya kesi, iandike. Baada ya simu, tuma barua pepe fupi yenye maneno hayo hayo ili yawe na ushahidi.

7. Hospitali.
Una njia mbili. Kliniki binafsi ni ya haraka na ya gharama. Hospitali ya umma ina kitengo cha dharura kinachoitwa urgência, na mlangoni utapangwa kwa mfumo wa Manchester, yaani utavishwa rangi kulingana na uzito wa hali yako. Nyekundu huonwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano 60, kijani 120, bluu 240. Mguu ulioteguka kwa kawaida ni kijani. Dakika hizo ni lengo, na siku yenye watu wengi hupitilizwa, kwa hiyo beba maji, chakula, chaja na sweta. Mgeni asiyetoka Umoja wa Ulaya ategemee ankara.

Maneno machache ya Kireno yatakusaidia hata kama daktari anajua Kiingereza. Torci o tornozelo ni nimeteguka kifundo. Dói aqui ni panauma hapa. Magongo ya mkononi wanayaita canadianas, na ukiuliza kwa jina hilo duka la dawa watakuelewa mara moja.

Jambo ambalo vitabu vya huduma ya kwanza mara nyingi havilisemi: ngozi yetu nyeusi haiwi nyekundu kama michoro yao inavyoonyesha. Damu iliyovilia inaonekana kama weusi uliozidi au zambarau, na pengine haionekani kabisa. Mwonyeshe daktari miguu yote miwili kwa pamoja, mwambie aguse joto na apime uvimbe. Akikuuliza maumivu ni mangapi kwa kumi, usimpe tatu kwa kujikaza.

8. Panga chumba upya.
Kulala bweni ukiwa umeumia kunawezekana, mradi kila kitu kiwe karibu.

Ongeza usiku wa kulala mapema, na uombe kitanda kilekile. Hosteli hupangia wageni wapya kila siku, na ukichelewa utaambiwa uhame chumba asubuhi, na begi, kwa mguu mmoja. Kama jengo halina lifti, kama yalivyo mengi ya mitaa ya kale, uliza kama kuna kitanda ghorofa ya chini au hosteli dada yenye lifti. Linganisha pia bei ya chumba cha peke yako kwa siku mbili za mwanzo; usingizi ni dawa, na bweni la watu wanane halikupi usingizi ukiwa na maumivu.

Omba kabati la chini. Weka tochi, maji, dawa na chaja upande wa mto. Wale mnaolala nao waambie jina lako na uwaombe jambo moja dogo: wasiache mabegi njiani kati ya kitanda na mlango. Watu hawakatai ombi dogo lililo wazi. Mimi chumbani mwetu walikuwamo vijana wawili kutoka Brazil ambao baada ya ombi hilo walianza kuniletea mkate kila asubuhi bila kuombwa.

Bafuni ndiko hatari ilipo. Omba kiti cha plastiki, oga ukiwa umekaa, vaa ndala zenye kushika sakafu. Kama umefungwa plasta gumu, lifunike kwa mfuko wa taka na uufunge juu kwa utepe.

9. Jifunze magongo kabla hujatoka nje.
Rekebisha urefu mpaka kiwiko kipinde kidogo tu ukiwa umesimama wima. Uzito ubebwe na viganja. Kwenye ngazi kumbuka hivi: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza. Ukipanda, tanguliza mguu mzima, halafu mbovu na magongo. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu mbovu. Fanya mazoezi ngazi tatu, mtu akiwa chini yako.

Tramu namba 28, treni ndogo ya barabarani, iache. Vidato vyake viko juu, imejaa watu, na inayumba. Stesheni ya metro ya Baixa-Chiado nayo iko chini sana ardhini. Ngazi za umeme zikisimama, umekwama. Teksi ya kuita kwa simu kwenye vilima ni gharama ya matibabu kama dawa.

10. Kusanya karatasi kila siku, si mwishoni.
Unahitaji ripoti ya daktari, yaani relatório, yenye jina la ugonjwa na tarehe. Unahitaji fatura, yaani ankara, na risiti zenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na cheti cha dawa. Dirishani watakuuliza contribuinte, yaani namba ya mlipakodi. Mgeni jibu huna, lakini sisitiza jina liandikwe. Piga picha kila karatasi siku hiyo hiyo. Wino wa risiti unafifia. Bima ikitaka hati, tuma nakala kwanza, halisi ubaki nazo mpaka wazidai kwa maandishi.

11. Amua: kuendelea au kurudi.
Siku ya nne au ya tano utakuwa na picha. Kama unakanyaga bila maumivu makali, endelea, lakini kaa siku kadhaa kila mji, si kila siku mji mpya, na begi kubwa usilivae. Liache stoo ya hosteli, tembea na begi dogo.

Kama unarudi, wajulishe shirika la ndege angalau saa 48 kabla kwamba unahitaji kiti cha magurudumu. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inakupa msaada huo bure kwenye viwanja vyao. Sema wazi kama unaweza kupanda ngazi za ndege au huwezi, maana msaada hupangwa kwa jibu hilo. Ukiwa na plasta gumu jipya, mashirika mengi hudai lipite saa 24 kwa ndege fupi na 48 kwa ndefu, au lipasuliwe pembeni, kwa kuwa mguu huvimba angani. Daktari akuandikie barua ya kuruhusiwa kusafiri. Muulize pia kuhusu damu kuganda, hasa kama safari ni ndefu kama ya Lisbon hadi Dar es Salaam au Nairobi.

Yakienda mrama

*Bima haipokei simu.* Tuma barua pepe, piga picha ya skrini yenye saa ulizopiga, kisha tibiwa. Ushahidi kwamba ulijaribu ndio utakaokutetea.

*Hosteli imejaa na unaambiwa utoke.* Mwombe mtu wa mapokezi akutafutie kitanda kwingine kabla hujatoka mlangoni, na teksi. Angalia kama bima yako inagharimia malazi ya ziada kwa amri ya daktari. Ikiwa ndivyo, idadi ya siku za kupumzika iandikwe kwenye ripoti.

*Vidole vinakufa ganzi ndani ya bandeji au plasta.* Bandeji ifungue sasa hivi. Plasta gumu, inua mguu, na ganzi isipoondoka haraka rudi hospitali, hata usiku.

*Shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, au pumzi inakukatika.* Inaweza kuwa damu imeganda. Pumzi ikikatika piga 112. Shavu la mguu peke yake, onwa siku hiyo hiyo.

*Kidonda kinatoa usaha au una homa.* Nenda kwa daktari. Antibiotiki zilizobaki kwenye begi la mtu wa kitanda cha jirani usizinywe.

*Siku ya tano bado huwezi kukanyaga, ingawa uliambiwa hakuna kilichovunjika.* Rudi uonwe tena. Nyufa ndogo za mfupa huweza kukosekana kwenye eksirei ya kwanza.

*Viza inaelekea kwisha.* Usisubiri iishe. Sheria ya viza ya Schengen inaruhusu kuongezewa muda kwa sababu usizoweza kuzizuia au za kibinadamu, bila ada, ukithibitisha kwamba huwezi kusafiri. Ureno ombi hupelekwa AIMA, taasisi ya uhamiaji iliyochukua nafasi ya SEF mwaka 2023. Peleka ripoti ya daktari inayotaja hadi tarehe gani hufai kusafiri, bima inayofika tarehe hiyo, na tiketi iliyosogezwa mbele. Miadi ikikosekana, hifadhi kila barua pepe na kila namba ya ombi, uzibebe mkononi siku ya kuondoka.